Nani Atasema na Wanunuzi Siku ya Soko

KIKUNDI CHA WAUZA MBUZI, KYUSO
Kikao cha tarehe 11 Machi 2025, dukani kwa Ndululu, saa nane mchana

WALIOHUDHURIA: Ndululu (Mwenyekiti), Mbinya, Nzisa, Kyule (Katibu, na mkalimani wa Kisomali wa kikundi tangu mwanzo)
MWALIKWA: Shamis, mwalimu wa Kisomali, lugha ya wanunuzi wetu
ALIYEKOSA: Mbula, yuko harusini

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Baada ya maombi, Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike yaliyosemwa tu, bila kuongeza yake. Katibu alikubali, ingawa hakuona haja ya kuambiwa hivyo mbele ya mgeni.

KUMB. NA. 2/3/2025: MASOMO
Shamis alieleza kwamba baada ya miezi mitano wanachama bado wanawaza kwa Kikamba, kisha wanahamisha neno moja moja, kama mtu anayehamisha zizi kijiti kwa kijiti huku mbuzi wakimtazama. Mbinya alikiri: "Nikimaliza kupanga maneno kwa kichwa, Gabow na lori yake washaenda kununua kwa mwingine." Shamis akamjibu: "Usipange. Sema ile inakuja." Katibu aliuliza, kwa nia njema, isipokuja je.

KUMB. NA. 3/3/2025: MSEMAJI SOKONI
Mbinya aliomba auze mbuzi wake kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kuwa miaka sita wanauzwa na mkalimani asiyewajua hata kwa majina. Katibu alipinga. Shamis alimjaribu Mbinya kwa kumuuliza, kwa Kisomali, bei ya beberu. Mbinya alifumba macho, akapanga maneno kichwani hadi chai ikapoa. Katibu alipendekeza suala hilo lifungwe.

KUMB. NA. 4/3/2025: LISILOKUWA KWENYE AJENDA
Nzisa alichungulia nje akasema mnunuzi Gabow amekosea, anapakia kwenye lori mbuzi mweupe wa Mbinya, yule wa maziwa, asiye wa kuuza. Mbinya alitoka mbio bila ruhusa ya kiti. Alimwambia Gabow maneno mengi bila kupumua, yote kwa Kisomali, akimtaja mama wa mbuzi na, kadiri Katibu alivyoweza kufuata, mama wa Gabow. Gabow alimshusha mbuzi, akaomba msamaha, akauliza Mbinya alijifunza wapi kuongea hivyo.

"Kuongea aje?" Mbinya aliuliza.

Mwenyekiti alimwomba Katibu awatafsirie wanachama. Katibu aliomba maneno yarudiwe polepole. Mbinya alisema hawezi, hasira imeisha.

Iliamuliwa kwamba Mbinya atauza mbuzi wake mwenyewe. Wote waliinua mkono isipokuwa Katibu, aliyekuwa akiandika. Katibu aliumia, na anaomba hilo libaki kwenye kumbukumbu.

KUMB. NA. 5/3/2025: KUFUNGA
Kikao kilikwisha saa kumi kasorobo. Katibu ataanza masomo kwa Shamis Jumatatu. Mbinya alimwambia akae karibu naye, atamsaidia.

Mwenyekiti: Ndululu (sahihi)
Katibu: Kyule (sahihi)