Kingereza cha Hoteli na Maji ya Mutambala

Baraka, siku ya soko

Dada yangu, Yaya Furaha,

Kabla ya yote niambie: mugongo wako unaendeleaje, na mama anakula vizuri? Huko Kindu mvua imekatika? Mi niko muzima, hata nimenona. Bamama wa Baraka wananilisha sombe na ndagala kama bwana harusi. Lakini roho inachemka, Yaya, na ni wewe tu naweza kukumwagia.

Unajua natafuta ile kazi ya shofere kwenye shirika la misaada. Kuendesha, nani ananishinda? Barabara ya Misisi, pale malori yanazama mpaka milango, mi napita nikipiga muluzi. Shida ni mukubwa wao: anasema Kingereza tu. Nikatafuta mwalimu, Dieudonné, Murundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, kijana wa adabu na sauti ndogo. Miezi mizima akanifundisha kuomba chumba hotelini, kusifu chai, kuuliza ndege inaruka saa ngapi. Nikameza yote kama dawa.

Siku ya mutihani, yule mukubwa wa shirika akaniuliza kwa Kingereza nikifika mutoni na maji yamejaa, nafanya nini. Mi nilishika neno "maji" tu. Nikamuomba chumba chenye dirisha na maji ya moto asubuhi. Biro nzima ya shirika ikacheka mpaka mulinzi akaingia kutazama. Nikaambiwa nirudi juma lijalo, mara ya mwisho.

Nikamuendea mwalimu moto moto. "Wewe ulinifundisha kazi ya nani?"

Akajibu polepole, "Ya kwako, mukubwa. Ulikuja na karavati shingoni, ukasema wewe ni mufanyabiashara, kila mara uko ndani ya ndege."

Ona huyo muntu! Sawa, nilisema hivyo. Ulitaka niingie kwa mwalimu na nguo ya mafuta? Lakini mwalimu gani haangalii mikono ya mwanafunzi wake? Yangu iko na oli ya gari mpaka chini ya kucha.

Nikamuvuta mpaka muto Mutambala. Unajua shofere wa huku haingizi gari majini kabla hajatembea humo mwenyewe na fimbo, kupima. Nikakunja suruali, nikaingia. Yeye ana suruali moja tu ya kufundishia. Akaiangalia, akaikunja, akanifuata. Kila hatua nikamuuliza: maji ya kifundo yanaitwaje kwa Kingereza, ya goti je, na jiwe, na tope. Juma lote bamama waliokuwa wanafua wakawa wanarudia Kingereza pamoja na sisi.

Mutihani wa pili, swali lile lile. Maneno yakagoma. Basi nikainama mbele ya mukubwa, nikakunja suruali mpaka magotini, na yote yakatoka, mpaka la mwisho: maji yakipita kiuno, tunalala ng'ambo hii, bantu wangu siwazamishi. Hakucheka. Akanipa funguo.

Salamia mama, shemeji wangu fundi wa radio, na batoto wako wote. Waambie mujomba wao sasa ana gari lenye antena.

Nilitaka kufunga hapa, lakini sikia dharau hii. Safari ya kwanza wamenipa nini? Kupokea bageni mupakani Uvira, bantu waliotoka kwenye ndege, kila mumoja na hoteli yake na chai yake! Na yale maneno ya hoteli yote yamebaki Mutambala. Nimerudi kwa mwalimu na suruali mpya, zawadi yangu kwake. Ameivaa, ameniuliza kwa adabu ile ile: "Mukubwa, safari hii tunajifunza kazi ya nani?"

Mudogo wako asiyeshindwa na barabara,
Shabani