Aliyefuta Majina

3 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Koo linaendeleaje? Binti yako aliniambia kwenye simu kwamba sasa unameza uji bila kukunja uso, nikamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya mteja aliyekuja kuchongesha kibao cha mlango. Alidhani namshukuru yeye. Huku hatujambo. Wanangu wamepona mafua, na Baba ni mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi.

Najua baada ya upasuaji ule sauti haijarudi, na herufi za simu unasema ni kama chawa. Ndiyo maana naandika kwa mkono, herufi kubwa, dereva wa basi akuletee. Mashine ya kuchonga uliyoniachia imenishinda.

Hospitali imetuagiza vibao mia moja na arobaini vya shaba, vyenye majina ya watu waliojitolea damu mara kumi na zaidi. Vitabandikwa ukutani tarehe thelathini, na wenyewe wataalikwa waje kuviona. Mama Pacha, yule niliyemwajiri ulipoondoka, ndiye anayeingiza majina kwenye mashine na kuhifadhi kila jina kwa namba yake. Jumatatu aliingiza arobaini. Jumanne asubuhi nikawasha, kioo kinasema hakuna kazi. Akaingiza upya. Jumatano, tupu tena.

Nikamuuliza anabonyeza nini. Akasema habonyezi kitu, anahifadhi kama nilivyomfundisha, jioni anazima swichi ya ukutani anaenda zake. (Siku hizi tunazima ukutani tangu umeme ulipounguza friji ya muuza maziwa hapo jirani.) Mjomba, nilimfokea. Nilimwambia, "Mashine hii imetunza kazi za mjomba wangu miaka yote bila kupoteza hata nukta. Tatizo ni mkono wako." Muuza maziwa alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote. Mama Pacha akasema siyo yeye. Nimemwambia akae nyumbani kwanza.

Nifanyeje? Tafadhali jibu haraka.

Mpwa wako


5 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole na kazi. Koo linaelekea pazuri. Naandika mambo yangu kwenye daftari la shule kama mtoto wa darasa la kwanza, na binti yangu akiona sitii amri huninyang'anya kalamu. Kwa hiyo usidhani nimekosa wa kunitawala.

Sasa sikiliza. Usiguse kitu ndani ya mashine. Kwanza tazama tarehe kwenye kona ya kioo, uniandikie inasema nini. Kisha ingiza jina moja tu, lolote, hata lako. Lihifadhi. Lifungue tena uhakikishe limo. Mchana zima swichi ya ukutani, nenda ukale, kaa saa nzima. Rudi uwashe, ulitafute lile jina. Fanya haya ukiwa peke yako, mtu mwingine asiikaribie mashine.

Na kuhusu Mama Pacha, usimwambie neno lingine hadi uniletee jibu. Nakuomba sana.

Mjomba wako


8 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kalamu umerudishiwa. Sisi wazima, ila mimi sina raha.

Tarehe kwenye kioo inasema ni Januari mosi, na mwaka ni ule mashine ilipotengenezwa. Nilirekebisha, nikaingiza jina la binti yangu, nikalihifadhi, nikalifungua, limo. Nikazima. Nikafunga duka kwa ufunguo nikaenda kula. Niliporudi nikawasha. Januari mosi. Hakuna kazi.

Nilirudia mara ya pili, nikiomba Mungu nione nimekosea mimi mahali. Matokeo yaleyale. Mjomba, hapakuwa na mtu dukani. Mama Pacha hakufuta chochote.

Sasa nimeshikwa na aibu. Nimefikiri nimpigie tu nimwambie kazi imekuwa nyingi, arudi, tuendelee kama hakuna kilichotokea. Yaishe. Nikianza kueleza eleza, atanidharau. Wewe unaonaje?

Na ulijuaje? Barua yako ilikuwa kama ya mtu aliyekwisha kuliona jambo hili kwa macho.

Mpwa wako


11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nina afya, ila barua hii imenichukua siku mbili.

Nianze na rahisi. Ndani ya mashine, upande wa nyuma, kuna betri ndogo ya duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Umeme ukikatwa, hiyo ndiyo inayoshikilia kazi zote na saa. Imekufa. Mimi nilikuwa sizimi ukutani, kwa hiyo haikuwa na nafasi ya kuonyesha udhaifu wake. Chomoa waya kabisa, subiri dakika kumi, fungua skrubu nne za mfuniko. Kabla ya kuitoa, andika upande gani unatazama juu. Nenda na ya zamani kwa fundi wa saa, akupe yenye namba ileile. Ukishaweka mpya, mashine itakuwa imesahau hata ukubwa wa kibao na mahali sindano inapoanzia. Iweke upya, ujaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki, siyo kwenye shaba ya watu. Na kuanzia leo kila kazi iwe na nakala kwenye flashi.

Sasa lile gumu. Nilijuaje? Kwa sababu betri ya namna hiyohiyo ilikufa zamani, baba yako akiwa ndiye anayeingiza kazi. Wewe ulikuwa bado chuoni. Ilikuwa kazi ya vikombe vya mashindano ya shule. Kipindi kile mtaa ulikuwa na mgawo wa umeme. Kila umeme ukikatika, kesho yake majina hayapo. Mara ya tatu nilimfokea mbele ya walimu waliokuja kuchukua vikombe. Nilimwambia, "Shemeji, mikono yako ni ya kubeba magunia, siyo ya kompyuta." Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda, akatoka.

Nyumbani kwenu mlijua tuligombana tu. Kwa nini, baba yako hakusema, na mimi nikanyamaza.

Mwaka uliofuata fundi alikuja kusafisha mashine. Akaangalia tarehe, akacheka, akasema, "Mzee, hii betri yako imekufa siku nyingi." Akabadilisha kwa dakika tano. Kwa hiyo nilijua, mpwa wangu. Nilijua tangu siku ile. Nilijiambia nitakwenda kwake Jumapili. Jumapili ikafika nikapata shughuli. Nyingine ikafika. Kadiri siku zilivyopita ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito. Tulipomzika mama yako, dada yangu, nilisimama upande mmoja wa kaburi na yeye upande wa pili, na hata hapo nilishindwa.

Usimpigie Mama Pacha kumwambia kazi zimekuwa nyingi. Nenda kwake. Nenda leo, kabla hujaigusa betri.

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Naomba uwe mzima. Sikuandika wiki nzima kwa sababu nilikasirika, na sikutaka barua yangu ya kwanza baada ya yako iwe ya hasira.

Nilikwenda kwa Mama Pacha siku ileile niliyopata barua. Nilimkuta akifua, mapacha wake wakimwagiana maji ya kusuuzia. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba msamaha. Ni betri. Wewe hukufuta kitu, na mimi nilikuonea." Aliendelea kukamua shati hadi likakauka mikononi. Kisha akasema, "Kilichoniuma siyo kazi. Niliposema siyo mimi, hukunitazama hata usoni."

Nikasema ni kweli.

Akasema, "Ulinifokea mbele ya muuza maziwa. Basi ukaniombe msamaha mbele yake."

Tukaenda, Mjomba, yeye na kanga yake iliyolowa, mimi nyuma. Muuza maziwa alikuwa na foleni ya wateja. Nikasema yote mbele yao. Mzee mmoja mwenye chupa mkononi akauliza ni betri za aina gani, maana na redio yake inasahau stesheni. Mama Pacha akaangua kicheko, na mimi nikacheka na machozi yakanitoka hapohapo. Kesho yake asubuhi alikuja kazini kabla yangu.

Betri tumebadilisha pamoja. Kibao cha kwanza cha plastiki kilichongwa nusu ya jina, nusu nyingine ikaenda hewani, ndipo tukakumbuka kuweka upya mahali pa sindano. Sasa majina yote mia moja na arobaini yamo, tumezima na kuwasha mara sita, hayajaondoka. Asante. Kama si wewe, ningepoteza kazi ya hospitali, na ningempoteza mtu mwema bila hata kujua nimemkosea.

Lakini Mjomba, Mama alikufa akiwa anawapikia kwa zamu mbili kila sikukuu, wewe mchana na Baba jioni, ili msikutane. Alikuwa akichoka, na hakuwahi kujua kwa nini. Hilo ndilo lililonikasirisha.

Baba sijamwambia. Hili si langu kulisema. Ni lako.

Mpwa wako anayekupenda


23 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Umesema kweli, na umeisema kwa adabu kuliko nilivyostahili.

Nimechana karatasi tano. Nyingine zilianza kueleza mambo ya mgawo wa umeme, nikaona najitetea. Hii ya sita ina mistari minane tu. Imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga. Mpe baba yako mkononi mwake. Usimbembeleze ajibu. Akiichana, iache.

Mjomba wako


1 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo? Sisi hatujambo, ila nina wasiwasi kidogo, nitakueleza.

Sherehe ya hospitali ilikuwa jana, ikapendeza. Watu walikuwa wakitafuta majina yao ukutani kwa kidole. Dereva mmoja wa lori alilipata lake, akalisugua kwa kiganja mara mbili, akaniuliza, "Hili halifutiki?" Nikamwambia halifutiki. Mama Pacha alivaa gauni la kijani na akapigwa picha na mganga mkuu.

Bahasha nilimpa Baba siku ilipofika. Alipoona mwandiko alisema, "Huyu namjua." Akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama. Akaketi. Akasoma tena. Nikajifanya nafuta meza. Kisha akaniuliza, "Wewe umesoma?" Nikasema sijasoma, ila najua. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Tangu hapo hakuligusia jambo hilo, siku tano nzima. Anakula, anajibu salamu, basi.

Leo asubuhi nilipita kumpelekea dawa ya goti. Mlango umefungwa. Jirani anasema ametoka mapema na begi. Simu yake haipatikani. Huenda ameenda kwa shangazi. Kama atakuandikia, tafadhali nijulishe.

Mpwa wako


7 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba mara mia. Sisi huku wazima, na nasema sisi kwa makusudi. Nisamehe kwa kukuacha na wasiwasi: binti yangu alitaka kukupigia, baba yako akasema habari hii niiandike mimi, na hii ndiyo siku ya kwanza nimepata nafasi ya kuandika.

Baba yako yuko hapa. Alifika jioni ile uliyoniandikia. Binti yangu alifungua mlango akabaki ameduwaa. Nilikuwa nimekaa kitini na daftari langu. Nikainuka. Nikataka kusema, na wewe unajua hali ya koo langu, ikatoka pumzi tu. Nikashika kalamu. Akanizuia mkono, akasema, "Umeshaandika, Shemeji. Niliisoma." Akaweka begi chini, akauliza kama kuna mahali pa kunyoosha goti.

Usiku huo hatukusema mengi. Siku ya pili alianza kumzungumzia dada yangu, mambo ambayo kumbe kila mmoja wetu alikuwa nayo nusu nusu. Yeye anasimulia, mimi naandika sehemu yangu, anasoma, anatikisa kichwa, anaendelea. Tulilia, mpwa wangu. Nakwambia ili usije ukadhani wazee hawalii. Aliniambia kwamba kilichomkasirisha zaidi ya lile neno la magunia ni kunyamaza kwangu baadaye. Niliandika kwamba ni haki yake. Hakunifutia kosa, alisema tu kwamba amechoka kulibeba peke yake.

Jana alinisindikiza kliniki awe msemaji wangu. Daktari akaniuliza kama ninakula vizuri. Nikaandika, "Ndiyo, nakula." Baba yako akachukua daftari, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kubwa, "Anasema anakula. Lakini ni mwongo, daktari, jana uji ameupa paka." Nikampiga na daftari. Daktari alicheka hadi akasahau kuniuliza la pili.

Nakushukuru kwa kunikasirikia na bado ukaniandikia. Mfikishie Mama Pacha salamu zangu, mwambie ipo siku nitakuja kumshukuru mwenyewe. Baba yako anasema atarudi wiki ijayo. Wiki iliyopita pia alisema hivyo hivyo, na leo asubuhi nimemwona ananunua sabuni ya kufulia, ile ya mche mzima.

Mjomba wako