Kinywaji Tulichokiita Mama Mkwe

Wifi yangu Fausta,

Mimi mzima, kazi inaendelea, na Tanga joto ni lilelile. Nakuandikia barua isiyo na bahasha, kwa sababu yaliyokupata yalikupata mbele ya watu, na sioni vizuri mimi kuyasemea pembeni. Anayetaka kuisoma na aisome. Ila ni yako.

Sijui kama bado nina haki ya kukuita wifi. Uliolewa na kaka yangu Elia, mkakaa miaka minne, na miaka yote hiyo nilikuwa nanyi, kwenye kile chumba cha uani pale Chumbageni. Elia alikuwa bandarini siku sita za wiki, na ya saba alikuwa baa na wenzake. Hilo lilijulikana na halikumsumbua mtu. Mimi na wewe tulibaki na Jumamosi.

Mwanzoni ilikuwa bia tu. Mbili zako, mbili zangu, tukishamaliza kufua, saa tisa alasiri, kwenye kibaraza cha jikoni, jua likiwa limeshahamia kwa jirani. Yako ulitaka iwe baridi mpaka chupa itoe jasho. Mimi nilikunywa ya moto kwa sababu ya tonsesi, na kila Jumamosi ulinicheka upya kama mtu aliyeniona leo.

"Wifi, hiyo si bia," ulisema. "Huo ni uji."

Hatukulewa, na nalisema hili kwa ajili ya wanaosoma. Tulikunywa, tukasukana, tukasema watu kidogo, tukapika. Ikifika magharibi chupa zilikuwa zimesharudi kwenye kreti na wewe ulikuwa unachambua mchele.

Kokteli zilikuja baadaye. Kabla hujaolewa ulikuwa umefanya kazi kaunta, kwenye hoteli moja ya ufukweni upande wa Pangani, na mikono yako ilikuwa bado inaikumbuka ile kazi. Siku moja uliniambia umechoka na bia, ukatoa chupa ndogo ya jini kwenye mfuko wa unga. Kwa kuwa hatukuwa na chombo cha kuchanganyia, ulichukua kopo la maziwa ya unga, ukatia barafu uliyoivunja kwa mchi, ukafunga mfuniko, ukalitikisa karibu na sikio. Ulisema barafu ikianza kulia kwa sauti nyembamba, basi tayari. Nilisikiliza na mimi. Sikusikia tofauti yoyote, lakini nilikubali.

Ulichanganya chochote kilichokuwepo. Maji ya dafu na ndimu. Ukwaju uliolowekwa tangu asubuhi. Mnanaa ulioupanda kwenye ndoo iliyopasuka. Mdomo wa bilauri uliupaka chumvi na pilipili ya unga, kama wanavyofanya wauza maembe mabichi nje ya shule. Mimi niliyelelewa Lushoto, kwenye nyumba ambayo soda ililetwa Krismasi, nilijiona mtu wa maana sana, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kipande cha chungwa kwenye bilauri yangu.

Salha ndiye aliyetufanya watatu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, muuza madera, ambaye babu zake walitoka Omani na yeye hajawahi kutoka Tanga zaidi ya kwenda Moa kuzika. Alikuja na bakuli la bajia, akaiona ile chupa, akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Mimi na majini hatupatani, yakhe. Yangu iache bila hiyo dawa."

Ukamtengenezea ya ukwaju, tangawizi na dafu. Ulimpa bilauri kama zetu, chumvi kama yetu, chungwa kama letu, ili asikae pale kama mtoto aliyepewa juisi wakati wakubwa wanakunywa. Sikulifikiria hilo wakati ule. Siku hizi nalifikiria mara nyingi, kwamba ulikuwa mtu wa kufikiria bilauri ya mwenzako.

Sasa nije kwenye jina.

Ulikuwa msimu wa machungwa, na Elia alikuwa ameleta kiroba kizima kutoka Muheza. Ulikamua, ukatia ndimu, ukatia tangawizi nyingi, na mwisho ukakata kipande chembamba cha pilipili mbuzi ukakitumbukiza ndani. Ukanipa mimi nionje kwanza. Kilianza na utamu, halafu uchachu ukanikaza mashavu, na nilipodhani nimeshameza, ukali ukapanda kutoka kooni.

"Huyu ni mama," nikasema.

"Mama gani?"

"Mama yetu. Anakupokea vizuri, halafu anakunja uso, halafu ukishadhani mmemaliza ndiyo anaanza. Kiite Mama Mkwe."

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Salha alijifuta machozi kwa mtandio. Nami, kwa kuwa nimechekesha, sikutaka kuishia pale. Nikachukua simu yako, nikakuambia simama hapo kwenye mwanga, inua bilauri, sema hivi na hivi. Ukasema kama nilivyokufundisha: "Karibuni mumwonje Mama Mkwe. Anaanza tamu, anamalizia ukali." Ilikuwa video fupi. Ndani yake unaonekana wewe tu. Sauti ni yako tu. Ukaiweka kwenye status yako watu waione.

Uliifuta kesho yake asubuhi, lakini binamu yetu wa Korogwe alikuwa ameshaihifadhi, na kutoka Korogwe ikapanda mlima mpaka Lushoto, kwa mama.

Mama alishuka Jumapili iliyofuata pamoja na baba mdogo. Walikwenda ibada kwanza, wakala, halafu wakaomba tukae sebuleni. Elia alikaa kwenye kochi karibu na mlango. Wewe ulikaa kwenye mkeka, ukiwa umejifunga khanga juu ya gauni la kanisani. Mimi nilikaa kwenye kiti cha meza ya chakula, nyuma kidogo.

Mama hakupaza sauti. Alisema, "Mimi sina ugomvi na pombe. Marehemu mume wangu alikunywa, na huyu mwanangu anakunywa. Ninachotaka kujua ni nani amekaa akanitafutia jina."

Uligeuka ukaniangalia. Mara moja tu, na hukukaza macho. Ulinipa nafasi, kama mtu anavyosogea kwenye benchi ili mwenzake akae. Mimi nikaangalia kitambaa cha kufunika televisheni. Kilikuwa na maua ya kijani. Mpaka leo naweza kukueleza yalikuwa mangapi.

"Ni mimi, mama," ulisema. "Naomba radhi."

Baba mdogo akanigeukia. "Na wewe Naomi, si unakaa humu humu? Ulikuwepo?"

"Nilikuwa napita tu," nikajibu.

Hayo ndiyo maneno yangu yote ya siku ile. Elia naye alisema machache: kwamba wakubwa wakishaamua yeye hana la kuongeza. Wakubwa wakaamua urudi kwenu Mwera, kule Pangani, ukatulie kwa muda, mpaka watakapokuita. Kuna aliyesema miezi miwili. Kuna aliyesema tutaona.

Nilikusaidia kukunja nguo. Wewe ulikunja madera na mimi nilikunja mashuka. Ulipoondoka ulimwamkia mama shikamoo ya kawaida, na mama akaitikia marahaba ya kawaida. Mnanaa nilisahau kuumwagilia, ukafa.

Salha hakuwepo kwenye kikao. Nilimsimulia mwenyewe jioni ile, pale ukutani, nikiamini atanionea huruma. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Ulikuwa unapita kwenda wapi, Naomi?"

Akaingia ndani akafunga mlango, na ilipita karibu mwezi mmoja kabla hajaniuliza tena habari za asubuhi.

Miezi miwili ikapita na hakuna aliyekuita. Elia alikuwa anasema atakwenda kukuchukua baada ya Pasaka, halafu baada ya mvua, halafu akaacha kusema. Nilimuuliza mara moja, akanijibu kwamba wewe mwenyewe umeshakataa kurudi. Nilipokuja kujua kwamba ni kweli ulikataa, sikushangaa. Sasa ana mwanamke mwingine, mtu wa Maramba, mpole, na mama anamsifia kwa simu. Sina neno baya juu yake. Jumamosi anakwenda kwao.

Nilikuja Pangani mwaka jana. Unakumbuka, kwa hiyo sitaeleza sana. Nilikukuta kwenye kibanda chako cha juisi karibu na kivuko, una blenda mbili na foleni ya watu. Ulinipa kiti na juisi ya pasheni bila kuniuliza nataka nini, ukaendelea kuhudumia wateja mpaka wakapungua. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kukuomba radhi kuhusu jina. Nikaanza, ukanikatiza.

"Wifi, jina halikuniudhi. Lilikuwa jina zuri, hata leo ningelicheka," ulisema. "Kilichoniudhi ni wewe kusema unapita. Mimi pale kwenu nilikuwa na mtu mmoja, na huyo mtu akasema anapita."

Hukulia, mimi nikalia kidogo. Mteja akaja akataka ya embe, na ukainuka. Nilipoaga ulinifungashia chupa ya ukwaju nimpelekee Salha, ukaniambia nimsalimie sana. Hukuniambia nirudi tena. Nilikaa na hilo njia nzima, nikaona ni sawa.

Mwezi uliopita nikapanda Lushoto. Sikumwambia mtu. Nilimkuta mama anachambua maharage, nikamwamkia, nikachukua ungo nikamsaidia. Tulipofika katikati nikamwambia: "Mama, lile jina nililitoa mimi. Na ile video niliirekodi mimi, na maneno nilimfundisha mimi. Fausta alinifichia."

Aliendelea kuchambua. Nikadhani hakunisikia, nikataka kurudia.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu niliposikia. Yule msichana alikuwa hanijui mimi kiasi cha kunipatia jina lile. Anayenijua hivyo ni wewe."

Nikamuuliza kwa nini basi alimwacha aondoke. Fausta, nakuandikia jibu lake kama alivyolisema, kwa sababu nadhani ni haki yako kulisikia zaidi kuliko ilivyokuwa haki yangu.

"Nilikuwa nimekasirika, na kila mtu alikuwa ameshaiona ile video," alisema. "Ilibidi mtu aondoke. Wewe ningekufukuza nikupeleke wapi? Wewe ndiyo kwenu hapa. Yeye alikuwa na kwao."

Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini aliuza mbuzi huyu akamwacha yule. Sikuona ubaya usoni pake, wala majuto. Aliniomba nimsogezee sufuria. Nikamsogezea.

Sijawahi kumchukia mama na sitaanza sasa. Lakini usiku ule, kwenye kitanda nilichozaliwa juu yake, nilielewa kitu ambacho wewe ulikielewa siku nyingi, labda tangu siku ya kwanza ulipoingia kwetu na kupewa kikombe kisicho na mkono, sisi wengine tukiwa na vizima. Pale sebuleni mimi sikuwa na hatari yoyote. Ningesema ukweli, wangenigombeza, na jioni tungekula wali pamoja. Nilijificha kutoka kwenye kitu ambacho hakikuwa kinanitafuta, na nyuma yako ndipo nilipojificha.

Niliporudi Tanga nikamwambia Elia. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwandikia baba mdogo ujumbe mrefu nikieleza yote. Akajibu kwamba hayo yameshapita, tuombeane. Nikawaambia na shangazi zetu wawili. Mmoja akacheka, akasema jina lenyewe lilikuwa halijakosea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wifi. Nimesema kwa kila mtu niliyepaswa kusema kwake, na sikufukuzwa popote. Jumapili nilikuwa kwenye kwaya, mstari wangu uleule, na hata waliojua waliniuliza tu kama tonsesi zangu zimepona.

Siandiki ili urudi. Kibanda chako kina foleni, na humu ndani nafasi yako ina mtu. Wala siombi tuanze tena Jumamosi zetu. Salha na mimi tulijaribu moja, bia mbili zangu na juisi yake, tukamaliza mapema, tukaenda kila mtu kwake. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu kwamba hukuondolewa kwa kosa. Walijua si wewe. Uliondolewa kwa sababu ulikuwa unaweza kuondolewa, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kulizuia hilo kwa sentensi moja, niliitunza ile sentensi mpaka ilipokuwa haina kazi.

Kaa vizuri na kazi yako. Msalimie mama yako hapo Mwera, umwambie namwamkia. Kama ataniitikia, sawa. Na asipoitikia pia nitaelewa.

Ni mimi wifi yako, kwa kadiri utakavyoruhusu,

Naomi