Nilisema "Tunashukuru", Basi Likaondoka

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho, maana hapa nilipo sina wa kumweleza, na wale ambao ningeweza kuwaeleza ndio hao hao niliowakosea. Mimi ni mjane, fundi cherehani, na nyumba yangu inatazamana na kituo cha mwisho cha basi, mbali na mji mkuu, na kwa miaka kumi na moja nimewashonea abiria vifungo vyao huku dereva akipiga honi. Basi hilo lilikuwa linakuja mara nne kwa siku. Mwaka jana akaja bwana mmoja wa ofisi ya usafiri na fomu mkononi, viatu vimejaa vumbi, nikamwonea huruma, nikampa kigoda na maji, akaniuliza, "Mama, hali ya usafiri hapa ikoje?" na mimi nikamjibu kama nilivyolelewa kumjibu mgeni, "Nzuri, baba, tunashukuru." Akauliza tena, "Hamna malalamiko?" Nikasema, "Tulalamike nini, tumeshazoea." Akaandika, akapanda basi akaenda zake, wala sikumwona akimuuliza mtu mwingine.

Baada ya miezi mitatu likabandikwa tangazo kituoni kwamba, kwa kuwa wakazi hawana mahitaji makubwa, basi litakuja mara moja tu, saa mbili asubuhi, na kugeuza papo hapo.

Binti yangu ni muuguzi mjini, anapumzika Jumapili, na kila Jumapili alikuwa anakuja na mjukuu wangu, tunakula, kisha wanarudi na basi la saa kumi. Sasa akija na hilo moja atarudi na nini, na Jumatatu alfajiri kazi inamngoja? Jumapili ya kwanza nilipika chakula cha watu watatu kwa mazoea. Ya pili pia. Sasa hii ni ya tisa, nimeacha kupika, nakula kiporo cha Jumamosi nimesimama jikoni. Binti akipiga simu, "Mama, unaendeleaje?" namwambia, "Salama mwanangu, usijisumbue," nikikata simu nalia.

Na jirani yangu fundi viatu, ambaye ni yeye peke yake anayepita kunijulia hali, asubuhi anaondoka na basi kwenda kazini mjini lakini jioni anashushwa na magari mengine barabara kuu, anatembea saa nzima na nusu na gunia lake begani, anakaa kwangu kupumzisha miguu na kusema, "Huyo aliyetujibia, Mungu ampe miguu kama hii yangu," na mimi naitikia, "Amina." Nikimwambia ukweli nitampoteza hata yeye, nisipomwambia nitamdanganya kila jioni mpaka nife. Nifanye nini?

Mama wa Kituoni

Mama wa Kituoni, shikamoo. Hiyo amina imenichekesha kabla haijaniuma, unisamehe.

Kwanza nikutue mzigo usio wako. Ofisi iliyomuuliza mtu mmoja halafu ikaandika "wakazi" imefanya uvivu, na uvivu huo ni wao. Lakini sitakubembeleza sana, ulikosea. Jirani akikuuliza hali, mwambie nzuri, ndiyo adabu. Yule bwana hakuja kukujulia hali, mama. Alikuja kutafuta shida, ukamficha, na maji ukampa juu yake.

Fundi viatu mwambie leo hii, kabla hajaanza dua yake. Atanuna. Mwache anune, miguu ni yake. Lakini mtu anayekaa kwako kila jioni hafuati kigoda tu, atarudi. Akirudi, chukua daftari unaloandikia vipimo vya wateja, fungua ukurasa mpya, na kwa mwezi mzima andikeni kila anayepita kwa miguu, alikuwa anakwenda wapi na amekosa nini. Mwandikeni mwenye mimba, mwandikeni mwanafunzi, na wewe ujiandike, Jumapili tisa. Kila mmoja atie sahihi yake. Halafu pandeni basi hilo hilo la saa mbili mlipeleke daftari ofisini wenyewe, na mkiulizwa hali ikoje, fundi ndiye ajibu. Kurudi siku hiyo hamtaweza, najua. Yeye hatakosa wa kumlaza kati ya wenzake wa kazi mjini, na wewe utalala kwa binti yako.

Ambaye naye hujamweleza. Jibu ulilompa mtu wa fomu ndilo unalompa mwanao kila Jumapili, na yeye pia ameliamini. Angeweza kubadilishana zamu na wenzake, akaja Jumamosi na mtoto, wakalala, wakaondoka na basi la asubuhi. Lakini aombe zamu kwa sababu gani, ikiwa mama yake ni salama? Jumapili hii akikuuliza unaendeleaje, usikimbilie kujibu. Vuta kiti kwanza, ukae. Kisha mwambie kwamba siku hizi unakula umesimama.