Jeanne Amebaki, Mama Solange

Mama Solange,

Pumzika, Jeanne haendi popote. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya salamu.

Tangu tukuzike, karakana yetu ya kushona hapa Gitega niliachiwa mimi, na nusura inifie mikononi. Ulituzoesha vibaya, mama yangu. Mtu akishona shati la kupendeza mji mzima, wewe unageukia cherehani yako: "Hapa hakuna nyota, iko ekipi tu, sote kundi moja." Tukakutii kwa kuwa tulikupenda. Ulipoondoka, Jeanne akanijia na mkoba begani: "Vestine, mimi naenda karakana ya Kabuga. Kule kola yangu itakuwa na mwenyewe." Na oda ya majoho ya kwaya ndiyo kwanza imeingia, na kola zile hakuna anayeziweza ila yeye!

Nikabandika picha yake ukutani, fundi bora. Loo! Kesho yake Hawa wa pasi alizipanga nguo za Jeanne mwisho, mkataji naye akawa hamsikii. Jeanne akala chakula cha mchana peke yake. Nikaibandua.

Ndipo nikakumbuka desturi yetu ya gukura ubwatsi, aliyepewa ng'ombe anavyomrudia aliyempa, akamshukuru mbele za watu. Nikawaambia kila Ijumaa, kabla hatujafunga, mwenye shukrani asimame amtaje aliyemfaa. Mimi bosi nitanyamaza.

 Ijumaa ya kwanza Hawa akasimama. "Mimi niliunguza joho. Jeanne alibadilisha kipande, hakumwambia mtu." Jeanne akaangua kilio pale pale, halafu akainuka kumshukuru mkataji, aliyemwekea kitambaa kizuri zaidi cha kola.  Majoho yalitoka yote kwa wakati, na Jeanne hataji tena Kabuga.

Sikulaumu. Uliogopa sifa zingetugawa, na kweli zile za ukutani zilitugawa. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha sote kushika mkasi, na hatukuwahi kukuambia asante mbele ya mtu yeyote. Hilo linaniuma.

Lala salama, Mama. Karakana nitaitunza. Ijumaa hii nitaomba kusimama na mimi, nitaje jina lako kwa sauti, na safari hii huwezi kuninyamazisha.

Vestine wako