Daftari la Bi Hermelinda

Rosaura, uko? Acha unachofanya. Nimejifungia chooni hapa maktaba ya Huanta, sijui nitatokaje.

Si waliniita mimi mwandishi wao niwasomee watoto, watu wachangie paa la maktaba? Wakanipa na madaftari ya hadithi zilizotungwa na watu wa mji, hazina majina ya watunzi, nichague moja. Nikachagua mbovu kuliko zote. Kusudi! Nilitaka wacheke.

Ilikuwa ya mnyama llama anayeogopa radi. Nikaisoma kwa kubana pua, kama mbuzi mwenye mafua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikanogewa. Nikasema, "Aliyeandika hii hajawahi kubembeleza mtoto alale!"

Nilisema hivyo, Rosaura. Kwenye kipaza sauti.

Bi Hermelinda akainuka. Mtunza maktaba wetu, yule aliyekuwa akitufungulia mlango Jumapili tusome. Yule aliyemzika binti yake wa miaka sita.

Akasema taratibu, "Naomba daftari langu, mwanangu. Hiyo nilimtungia binti yangu wodini. Alikuwa hapati usingizi mpaka nimsimulie."

Na mimi nikafanya nini? Badala ya kumwomba radhi nikasema, "Mpigieni makofi!" Makofi, Rosaura! Na wakapiga.

Sasa hivi anawagawia watoto uji wa mahindi ya rangi ya zambarau. Namsikia hapa mlangoni: "Pangeni foleni, wanangu." Nao wanamjibu wote kwa kubana pua, "Ndiyo, Biiibi," huku wakivunjika mbavu.