Vidonge vya Kiungulia

Dada Wambui,

Kitengela ni vumbi na upepo tu. Mbuzi choma ya jana ilinipa kiungulia, nikaenda duka la dawa na bibi ya kijana wangu. Muuzaji akanipimia vidonge haraka sana. "Shosho, meza tu, hizi hazina shida."

Hazina shida aje, na hajaniuliza nameza nini ingine? Nikamwambia, huyo mkaza mwana, ambaye hakuwa anajua, akisikia: "Niko na virusi, nameza ARV." Muuzaji akavirudisha mbio. Ati vikikutana tumboni, ARV haifanyi kazi vizuri.

Ile pamba uliniwekea kwa chupa ya ARV isipige kelele, nimeitupa. Wacha ilie.

Wewe na presha yako, usimeze cha mtu asiyeuliza. Nakutaka mzima.

Nyambura